Bafu la Mkurugenzi

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimembeba tena. Mara ya arobaini na ngapi sijui, nimeacha kuhesabu. Kiti chake cha magurudumu hakipiti mlango wa bafu, kwa hiyo namnyanyua, navuka naye kizingiti, namketisha kwenye ndoo iliyopinduliwa, namwagia. Mlango hauwezi kufungwa tukiwa wawili ndani, hatuenei. Tunatundika shuka. Mke wangu anajifungia jikoni na kuwasha redio, maana shemeji yake akiwa uchi hatua tatu kutoka kwenye sufuria zake, ataweka macho wapi?

Na Mkurugenzi, ndivyo ninavyomwita kaka yangu, hakosi neno. Maji ya moto. Maji ya baridi. Eti nimesugua kama nasugua sakafu. Basi oga mwenyewe, nikamwambia. Akasema ndicho anachokitaka, anataka kuoga mlango ukiwa umefungwa, hataki kingine duniani.

Mimi pia sitaki kingine duniani. Kwa mara ya kwanza tangu utotoni mimi na kaka yangu tunataka kitu kimoja. Na bado tumegombana!

Jumanne, 4 Machi

Nimeupima mlango. Sentimita sitini. Kiti kina sitini na sita.

Na nani aliuweka mlango wa sitini? Yeye. Nyumba hii aliijenga yeye, miaka thelathini iliyopita, alipokuwa msimamizi wa ujenzi na sauti yake inasikika mtaa wa pili. Nikamwambia, kaka, mlango wako umekukataa. Akajibu kwamba mlango wa sitini ulitosha watu wote wa nyumba hii.

Nikamwambia Mama naye alikuwa mtu.

Akageuza kiti akatazama ukuta. Vizuri. Atazame.

Alhamisi, 6 Machi

Niandike hapa, kwa sababu nikilisema mdomoni nitapiga mtu.

Kizingiti cha bafu kina kimo cha kiganja. Mama alianza kujikwaa pale akiwa na miaka sabini. Nikamwomba kaka akivunje. Wiki ijayo, dogo. Wiki ijayo ikawa miaka miwili. Mama akaanguka, nyonga ikavunjika, akalala miezi mitano, akatutoka. Wakati wote huo mimi na mke wangu ndio tuliogeuza godoro. Yeye alikuwa na majengo yake. Alikuja akiwa amevaa kofia ya kazi, akasimama mlangoni dakika kumi.

Sasa kiharusi kimemkamata upande wa kushoto, mkono na mguu, watoto wake wako mbali, na mwenye nafasi ni nani? Dogo. Nina miaka hamsini na saba na bado naitwa Dogo.

Nimeamua. Bafu linabomolewa.

Jumapili, 9 Machi

Kikao cha familia. Watu watatu, kelele za watu thelathini.

Mke wangu alikuja na orodha yake. Kizingiti kitoke. Mlango uwe wa tisini na ufungukie nje, ili mtu akianguka ndani asiuzibe. Vigae visivyoteleza. Bomba la mvua la kushika mkononi. Benchi la kukalia lijengwe kabisa ukutani, si ndoo. Na rafu yake ya sabuni, kwa sababu amechoka kukuta viwembe vyetu kwenye sabuni yake.

Mkurugenzi akasikiliza, akasema shemeji ana akili kuliko mumewe. Halafu akaongeza lake: komeo. Komeo la chuma, la ndani.

Mke wangu akasema komeo hapana, ukianguka tutakufikiaje? Akasema ataanguka mwenyewe na kuinuka mwenyewe. Mimi nikasema komeo litakuwepo, yaishe. Pembeni nikamnong'oneza mke wangu: yapo makomeo yenye mfereji mdogo kwa nje, unaingiza bisibisi, unazungusha, linafunguka. Hatajua.

Hajajua.

Jumatano, 12 Machi

Fundi amekuja. Tumeshampa jina, Bwana Kesho. Ameangalia, ameguna, amegonga ukuta kwa ngumi, amesema ataanza kesho.

Anataka mchoro. Mkurugenzi akapaza sauti kutoka sebuleni kwamba mchoro atauchora yeye, aletewe karatasi na rula. Nikasema nyumba hii ina mshonaji aliyeshona miaka thelathini na minne, mtu anayechora kila siku ya Mungu, na mchoro nitauchora mimi.

Akacheka. Suruali hiyo, dogo, si bafu!

Nilikuwa na mkasi mkononi. Nikauweka chini taratibu.

Jumamosi, 15 Machi

Nimempima. Sikutaka, lakini benchi lazima lilingane na miguu yake, si ya mtu mwingine. Nikavaa tepu shingoni, nikamfanyia kama mteja.

Goti mpaka sakafu, arobaini na sita. Kiti mpaka kiwiko, ishirini na mbili. Mkono wa kulia ukinyooshwa, sitini na nane. Wa kushoto sikupima, unaning'inia tu. Halafu, kwa mazoea tu, nikapima mabega. Arobaini na mbili. Suti yake ya harusi niliishona mimi, nakumbuka mabega yalikuwa arobaini na tisa, nilikasirika kwa vile kitambaa kilivyoliwa.

Sentimita saba zimekwenda wapi? Nilimhurumia. Halafu nikajikasirikia kwa kumhurumia. Yeye akauliza kama nimemaliza kumpapasa.

Nimemaliza, nikasema.

Jumatatu, 17 Machi

Kizingiti kimevunjwa leo! Nilisimama pale makusudi. Bwana Kesho alikipiga nyundo nne tu. Nne! Miaka miwili ya wiki ijayo, na kazi yenyewe ilikuwa nyundo nne.

Niliokota kipande cha zege nikampelekea Mkurugenzi, nikakiweka mapajani mwake. Alikishika kwa mkono wake mzima mpaka wakati wa chakula. Mke wangu akaniambia nina roho mbaya. Kweli, leo nilikuwa nayo.

Alhamisi, 20 Machi

Aibu ya leo.

Sakafu imemwagwa zege. Tangu asubuhi Mkurugenzi anapiga kelele kutoka sebuleni: mteremko! Mteremko uelekee tundu la maji! Mwageni ndoo moja muone! Nilifunga mlango wa sebule. Nikawasha cherehani nisimsikie.

Bwana Kesho mwenyewe akaamua kumwaga ndoo. Maji yakapita mbele ya tundu, hata salamu hayakutoa, yakaja moja kwa moja mlangoni, yakaingia ukumbini, yakalowesha zulia.

Kicheko cha yule mtu! Alicheka mpaka akakohoa. Zege ikabidi ichongwe upya. Akasema kwa sauti ya ukarimu, ile ninayoichukia zaidi, nimletee mchoro wa ukuta wa benchi aukague kabla vyuma vya kushikia havijafungwa.

Nimeukunja nikautia droo ya nyuzi. Nitamwonyesha kaburini.

Jumamosi, 22 Machi

Mchoro wa ukuta nimempa Bwana Kesho mkononi. Ni mzuri, nasema bila haya. Karatasi ya khaki, chaki ya kushonea, mistari safi: benchi katikati, upande mmoja vyuma viwili vya kushikia, kimoja cha kusimama, kingine cha kulala, na bomba hapo hapo jirani ili vyote vifikiwe na mkono mzima. Vipimo vyote nimeandika. Hata mshono wa vigae nimeuonyesha.

Fundi akauliza kama mzee asiuone kwanza. Nikamwambia mzee hapa ni mimi.

Ijumaa, 28 Machi

Siku tano sijaandika. Vumbi kila mahali, tumeogea kwenye beseni chumbani kwa zamu, kila mtu amenuniana na kila mtu. Mkurugenzi amesema beseni ni afadhali kuliko mikono yangu.

Lakini limekwisha! Mlango wa tisini. Sakafu kavu, maji yanakimbilia tundu. Vigae vya rangi ya maziwa. Mke wangu ameweka sabuni yake kwenye rafu, akarudi kuitazama mara tatu. Komeo linang'aa. Nimejaribu bisibisi kwa nje: tak, linafunguka. Bisibisi nimeitia mfukoni, itakaa hapo.

Mkurugenzi ataingia kesho, gundi ikishakauka. Nina hamu ya kuuona uso wake. Nataka akose la kusema, hata kwa dakika moja.

Jumamosi, 29 Machi

Amekosa la kusema.

Aliingia mwenyewe, anasukuma gurudumu kwa mkono mmoja na mguu mmoja. Alipita mlangoni bila kugusa. Akageuza kiti akaupa mgongo ukuta wa benchi, tayari kujihamisha. Akanyoosha mkono wa kulia kushika chuma. Mkono ukagusa vigae. Ukapapasa, juu, chini. Vigae vitupu.

Vyuma viko kushoto. Bomba liko kushoto. Vyote, kwa vipimo sahihi kabisa, viko upande wa mkono uliokufa.

Nilisubiri acheke. Mungu wangu, nilitamani acheke! Hakucheka. Akauliza nani alichora. Mimi. Kwenye nini? Nikaenda kuuleta kutoka droo ya nyuzi, fundi alikuwa ameurudisha. Akautandaza mapajani. Akaugeuza. Akaunyanyua dirishani akautazama kwa mgongo, mwanga ukipita. Kwa mgongo kila kitu kilikuwa mahali pake.

"Umechora kwa ndani," akasema.

Ndivyo. Miaka thelathini na minne nachora kwenye mgongo wa kitambaa, upande unaogusa mwili, ambako kulia kwa mvaaji ndiko kulia kwangu. Mkono umekwenda wenyewe. Lakini Bwana Kesho hakuwa ndani ya nguo. Alisimama anautazama ukuta, kulia kwa karatasi akaweka kulia kwake yeye. Anayekaa anamgeukia. Kwake ni kushoto.

"Ungenionyesha," akasema.

"Ungevunja kizingiti," nikasema.

Mke wangu alikuwa mlangoni na taulo. Akasema, "Basi mmetoshana," akalitupa taulo kwenye benchi, akaondoka.

Nimempigia Bwana Kesho. Vyuma vikitolewa vigae vitapasuka, ukuta mzima unavuliwa upya. Atakuja kesho. Nikamwambia kesho ni Jumapili. Akasema basi kesho yake.

Jumapili, 30 Machi

Saa tatu asubuhi. Naandikia ukumbini, nimekaa sakafuni, daftari kwenye goti.

Nilikuwa uani naanika nguo. Mke wangu ametoka. Nikasikia komeo. Nikaja mbio. Nikagonga.

"Kaka, fungua. Vyuma viko upande mbaya."

"Najua viliko. Nenda kashone."

Maji yakafunguliwa. Kumbe ameufikisha mkono mzima upande wa pili! Nikasikia anaoga. Nikasikia hata anaguna kwa raha, yule mzee, kama mtu aliyevua viatu vilivyombana. Mlango umefungwa na mwenzangu anaoga. Nikasimama hapo kama mjinga.

Maji yakafungwa. Halafu kishindo. Si kikubwa.

"Kaka!"

"Nini?"

"Umeanguka?"

"Napima."

Sauti ilitoka chini. Chini kabisa, karibu na sakafu.

Nikatoa bisibisi. Naye, sijui alisikia chuma kikigusa mlango au ameishi na milango mingi mno, akasema: "Hilo komeo nalijua, dogo. Nimefunga mia ya aina hiyo. Ukilifungua leo, usinifungulie tena mlango mwingine."

"Umeumia?"

"Umeniuliza, nimekujibu. Napima. Nipitishie tepu."

Kabla ya kumpa, nikauliza tena kama ameumia. Akasema hajaumia, amekasirika tu, na anaujua utofauti. Nikavua tepu shingoni. Nikaipitisha chini ya mlango, pale palipokuwa na kizingiti. Ikavutwa. Akaniambia nishike ncha yangu usawa wa mlango, nisiachie. Nimeikanyaga kwa kidole gumba cha mguu, mikono iwe huru kuandika. Amesema niandike. Hataki vipimo vya kukumbuka kichwani, amesema, wala vya kwa ndani.

Mlangoni mpaka benchi: mia na kumi na nne. Nimeandika.

Tepu ikalegea, ikakaza tena.

Mlangoni mpaka hapa: themanini na mbili. Nimeandika.

"Hapa ni wapi, kaka?"

Anahema. Nasikia mkono wake unapapasa vigae upande wa kulia, mahali chuma kilipotakiwa kuwa. Kucha zinateleza, zinarudi.

"Hapa ni wapi?"

"Andika tu. Themanini na mbili."

Bisibisi iko mkono wa kushoto, kalamu kulia. Tepu imekaza chini ya kidole changu. Inavuta kidogo, inaacha. Inavuta.