Nyimbo Zako, Makelele Yangu

Muhsina Abdalla,
Duka la Picha, Bongwe,
Kwale.

12 Julai 2025

Kwa dada yangu mpendwa Mwanafatuma,

Shikamoo dada. Natumai barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe na shemeji Sharif na watoto, na kwamba joto la Maskati halijakumaliza. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Goti langu lanisumbua nikiamka, lakini dukani nafika. Mvua imetosha mwaka huu na mihogo ya shamba la Munje imekubali, ya upande wako na ya upande wangu, japo anayeipalilia ni mmoja.

Kaseti za marehemu mama, zile alizokuwa akikurekodia na kukutumia huko, ulizompa Issa alipokuja likizo, zilifika salama. Zilikuwa zimeviringishwa ndani ya taulo jipya, nikadhani umeniletea zawadi.

Nikueleze kazi ilivyofanywa, usije ukadhani ni kubonyeza kitufe tu. Deki ya kuchezea kaseti niliazima kwa Mzee Chande, aliyekuwa akirekodi harusi za Msambweni enzi hizo. Nilisafisha kichwa cha deki, kile kinachosoma utepe, kwa pamba na spiriti. Kila kaseti niliipeleka hadi mwisho na kuirudisha ili utepe ulegee, kisha nikageuza skrubu ya kichwa kidogo kidogo mpaka sauti ya mama ikaacha kufifia, ikawa ya mtu aliyeketi nami chumbani. Baada ya hapo upande mzima unaingia kwenye kompyuta kwa mkupuo mmoja, kwa ubora wa juu kabisa, bila kusimamisha wala kusafisha chochote. Kutenganisha wimbo mmoja mmoja ni baadaye, na stima ikipotea katikati unaanza upya.

Kwa hiyo imenibidi nisikilize kila neno. Na hapo ndipo wivu uliponishika, dada, sikufichi.

Nilikuwa nikimwona mama akichukua redio ya kaseti ya baba na kujifungia chumba cha ndani, akisema anaongea na Fatu. Mimi niko nje na sufuria. Nilidhani anakupa habari za mtaa, nani kaoa na nani kazikwa. Sikujua kwamba alikuwa akikuita pumzi yake. Mimi niliyelala naye chumba kimoja na kumwogesha mpaka siku ya mwisho, jina langu lilikuwa "we Muhsina". Tena sina kaseti hata moja. Nani amrekodie mtu anayeishi naye?

Harusi yangu hukuwepo, basi nikueleze jambo moja. Nilimwomba mama aniimbie ule wimbo wa kumtoa bi harusi. Akasema sauti imemkauka. Akaimba shangazi, tena vibaya. Sasa mwezi uliopita naweka kaseti yako moja kwenye deki, namsikia mama anasema: "Juzi tumemwoza Muhsina. Sauti imenikauka, mwanangu, lakini wewe nimekubakishia kidogo." Akakuimbia wimbo ule ule, beti zote. Upande haujaisha, stima ikapotea, ikanibidi niusikilize tena tangu mwanzo. Siku hiyo nilifunga duka mapema.

Nilifikiria kukutumia nyimbo zote isipokuwa huo. Ningekwambia utepe umeliwa na ukungu, na wewe ungejuaje? Nilijua fika kwamba huo ndio ulioutaka kuliko yote, kwa ajili ya harusi ya binti yako Ummi. Wallahi nilikaribia sana.

Nikaanza kukata kama ulivyoagiza, nyimbo zibaki na makelele yote yatoke, ili wageni wamsikie bibi yake Ummi akiimba tu. Kwenye kompyuta wimbo huonekana umevimba na kimya huwa mstari mwembamba, na hapo ndipo pa kukata. Lakini kwa mama hakuna kimya. Kila baada ya wimbo yuko anaita. "Muhsina, kuku huyo kwenye unga." "Muhsina, uji wafurika." Na akiisha kuita, dada, husikika miguu. Ni miguu yangu, naja mbio. Nimezisikiliza kaseti zote, na hakuna mahali alipolazimika kuniita mara mbili. Wewe kila mwisho wa upande anakuuliza, "Wanisikia, Fatu?" Anangoja kidogo, utepe unavuma, kisha anazima.

Hapo nililia, na sijui nilikuwa namlilia nani kati yetu. Usidhani wivu umeisha. Umepungua tu.

Diski anayokuletea Issa ina nyimbo zako zote, zimekatwa safi. Ule wa kumtoa bi harusi nimeuweka wa kwanza, uufungulie Ummi anapotoka chumbani. Kaseti zenyewe nakurudishia. Ila yale makelele niliyoyatoa nimeyaunga pamoja yakawa faili moja, nalo ni langu. Nalifungulia dukani nikifagia. Usiniombe.

Nisalimie shemeji Sharif, na umbusu Ummi kwa niaba yangu, umwambie kanga zake za harusi zimo kwenye mzigo wa Issa. Shangazi anakusalimu sana na bado anadai sauti anayo. Mola aibariki ndoa ya mtoto wetu na akuzidishie umri, wewe uliye mbali.

Nilikuwa nimekwisha kuikunja barua hii, nikaona niikunjue niseme na hili. Ukinijibu usiandike. Ingia chumba cha ndani, funga mlango, unirekodie, hata kama ni kwenye simu. Issa anasema sauti yako sasa ni ya mama kabisa, na hilo nalo nimelionea wivu. Anza kwa kunitaja jina, na usiniite "we Muhsina". Ukifika mwisho niulize kama nakusikia, halafu usizime haraka. Mimi nitaitika.

Ndimi nduguyo, nikupendaye kwa wivu wangu wote,

Muhsina