Krokasi za Neema

Jumanne, katikati ya Machi. Buffalo. Theluji imeanza kuyeyuka, barabara ni matope matupu, na mimi sina hamu hata ya kupika.

Leo nimemdanganya mwanangu.

Oktoba iliyopita binti yangu Neema alipanda maua ya krokasi kwenye beseni, akaliweka nje karibu na ngazi. Mbegu zake zinafanana na vitunguu vidogo. Aliniambia ndilo ua linalotangulia mengine yote, hutoboa theluji likiwa dogo kama kidole, na watu wa huku wakiliona hujua wamevuka majira ya baridi salama. Nilimsikiliza nusu nusu. Nilikuwa nimemkasirikia kwa kuacha masomo ya uuguzi.

Jumapili iliyofuata niliwaita akina mama wa kanisa sebuleni, wakamzunguka na kumwombea kwa sauti atokwe na roho ya ukaidi. Ana miaka ishirini. Alilia kwa aibu, mimi nikadhani Mungu anamgusa.

Kesho yake alifunga mizigo kwenda kwa shangazi yake, mji wa Louisville. Mlangoni alisema, "Bon, Mama. Ile maua ikifunguka, unitumie picha, njo nitakuya. Usiingize ndani." Yaani maua yakichanua ndipo atarudi.

Niliyaingiza ndani. Baridi ya Desemba ilipokaza niliyaonea huruma, nikaliweka beseni kando ya hita. Nilimwagilia kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, nikiyasemesha.

Hayakutoka. Majuzi nilimuuliza jirani, bibi mmoja ambaye uwanja wake tayari una krokasi za zambarau. Akasema bila kupigwa na baridi ua hili halichanui. Kule chini ya theluji ndiko linakojiandaa. Nikafukua beseni kwa kidole. Mbegu zote zimeoza, zinanuka.

Ningemwambia ukweli. Lakini ni miezi mitano sijamwona, na kazini kwangu, ninakoogesha wazee, kila binti anayekuja kumtazama mama yake ananichoma moyo. Basi asubuhi nikapiga picha maua ya jirani, nikamtumia.

Jibu lilikuja mchana: "Mama, ile si yangu. Yangu ilikuwa nyeupe."

Basi.

Nimempigia mara nne, hapokei. Beseni nimelirudisha nje karibu na ngazi, ingawa halina kitu tena. Kesho nitapiga tena. Akipokea, nianzie wapi: kwenye maua, au kwenye ile Jumapili?