Spika ya Kushoto

Jumamosi, 9 Agosti 2025

Sijamwambia mtu yeyote: sikio langu la kushoto halisikii sawasawa. Tangu liliponiuma nikiwa darasa la nne. Shuleni nakaa mbele, pembeni kabisa – wanadhani ni kupenda vitabu. Navipenda, lakini siyo sababu.

Leo Babu Alfani ametia sponji mpya kwenye spika zake, zile kubwa za mbao. Alipewa na hoteli ya Galu ilipofunga disko. Yeye ndiye aliyekuwa akipiga muziki huko. Sponji za zamani zilikuwa zimelika zote. Tukasikiliza kaseti ya taarabu. Raha! Anasema masikio yake yamezeeka, mimi ndiye mpimaji. Nikamwambia spika ya kushoto sauti yake iko chini.

Bibi akanipigia kelele kutoka jikoni, kwa utani wake:

– Mke mwenza, mwambie mumeo hata ukuta umechoka!

Jumanne, 12 Agosti

Babu amebadilisha waya, akabadilisha na kapasita, kile kidude cha umeme cha ndani. Nikasema bado. Hakukasirika hata! Akasema mkewe ana masikio ya popo. Nikaona haya, nikakimbilia chumbani kusoma.

Ijumaa, 15 Agosti

Bibi alitaka kufagia, tukazitoa spika nje. Zilirudi zimebadilishana nafasi. Ile "mbovu" naijua kwa doa la chai. Baada ya alasiri Babu akawasha. Ya doa sasa iko kulia – na inaimba! Fidla yote, hadi pumzi ya mwimbaji. Iliyo kushoto ndiyo iko chini.

Spika ni nzima. Ni mimi.

Babu akauliza ile ya doa vipi. Nikasema vilevile. Kwa nini nimesema vilevile?

Basi kesho Fundi Kimeu atakuja kutoka Ukunda aing'oe koni yake, ile karatasi inayotoa sauti, atie mpya. Babu aliipapasa ile karatasi ya zamani, polepole. Akasema hiyo ndiyo sauti yenyewe, na haitengenezwi tena.

Jumamosi, 16 Agosti

Kimeu alikuja na bisibisi mkononi.

– Sasa siste, ni gani iko down?

Babu akamwonyesha ya doa. Skrubu moja ikatoka. Ya pili. Nikasema, ngojeni. Nikamwomba Babu awashe kwanza.

Kisha nikageuza kiti, nikakaa nikitazama ukuta, mgongo kwa spika. Ya doa ikawa kushoto kwangu.

Kimeu akacheka:

– Mzee, huyu anasikia na mgongo!

Babu hakucheka.

– Twaiba, sasa ipi iko chini?

Ameniita jina langu kabisa, siyo "mke wangu". Nikainua mkono nikajishika sikio la kushoto. Sikugeuka. Nikasikia bisibisi ikiwekwa mezani, halafu Kimeu akiaga.

Niko chumbani sasa. Mlango uko wazi kidogo. Kiti changu bado kimetazama ukuta. Babu amevuta chake, amekiweka kulia kwa changu, amekaa. Hajawasha kitu.

Naweka kalamu. Natoka.