Lundo la Mama Mkwe Limekwenda Wapi?

Mzee wetu mshauri, shikamoo. Naomba msaada wako, maana nyumba yangu inavunjika kwa sababu ya usafi. Nimelelewa Biharamulo mjini na nimeolewa Kasulo na Ndizeye, na mama mkwe wangu, Mama Tecla, alipokwenda Nyakahura kumuuguza dada yake niliona nimwandalie ua safi kwa ajili ya ubatizo wa mtoto wetu, nikachambua taka zote, chupa za soda, makopo na mifuko ya nailoni nikaviosha na kuvipanga stoo kwa kuwa vilikuwa vizima na huenda vikafaa, na lile lundo jeusi nyuma ya jiko, la maganda ya ndizi, majivu na mavi ya mbuzi, nikamwita Niyokwizera mwenye guta alipeleke dampo, naye akaniuliza, “Shemeji, na hii nyeusi yote niibebe?” nikamwambia, “Hiyo ndiyo uanze nayo, inanuka,” akapakia safari baada ya safari bila kunung'unika na hata nauli akakataa, nikamshukuru Mungu kwamba vijana wema bado wapo. Mama aliporudi alisimama pale palipokuwa na lundo, akasema, “Haya, mjukuu wangu utampikia chupa,” na tangu siku hiyo hapokei chakula mkononi mwangu, na ubatizoni amesema haji. Nimekwenda dampo kulitafuta, sikuona hata ganda. Nimekosa nini?

Deodata, Kasulo

Marahaba, binti yangu. Nimeisoma barua yako taratibu, nikamwomba Mungu anizuie kucheka. Hakunizuia.

Umekitupa chakula ukahifadhi takataka, tena ukaziosha. Mwenyezi Mungu alimuumba binadamu kwa udongo. Sijasoma popote kwamba alitumia nailoni. Kila ganda la ndizi mliyokula lilirudi kwenye lundo lile ili lilishe mgomba utakaomlisha mwanao. Wewe uliiachia pua yako uamuzi.

Hata hivyo nakuhurumia, kwa kuwa ulikusudia heshima. Mama mkwe wako naye angeweza kukufundisha siku ya kwanza ulipoingia jikoni kwake, asingoje ukosee ndipo asuse.

Sasa nikuulize. Ni mwenye guta gani abebaye mzigo mzito siku nzima, akakataa nauli, kisha akaondoka na shukrani zako? Usirudi tena dampo. Nenda ukaitazame migomba ya huyo kijana wako mwema.

Mwite mchana, mumeo akiwapo. Apakie kwanza zile chupa na nailoni za stoo, azipeleke dampo kweli, nawe uende naye uone zikishushwa. Mkitoka huko mpitie shambani kwake, mpakie samadi iliyobaki. Nauli hatadai safari hii pia. Ile aliyokwisha kuifukia mwachie, migomba haina hatia.

Usiingie uani na guta. Shuka njiani, jaza kikapu, ujitwike mwenyewe. Ukifika kwa mama mkwe wako kitue, upige magoti, umwamkie, kisha umuulize uanze na mgomba upi. Usijitetee. Neno “usafi” usilitamke.

Na atakayekuuliza njiani umejitwika nini, mjibu: ndizi za mwanangu.

Mzee Protasi