Paa Linavuja, Afande

Mpendwa Baba,

Jumamosi niliuimba tena wimbo wetu. Ndiyo, ule ule ulionikataza.

Hukuwahi kuniuliza tuliurekodi wapi. Ilikuwa ndani ya gereji moja mtaani Katwe, vijana wanne wa kambi ya polisi, mafundi wa jirani wakigonga mabati mpaka mlio wao ukaingia kwenye kanda. Gitaa lilikwaruza, nami nikapiga kelele, "Paa linavuja, afande!" Redio ikaupiga. Kambi nzima, iliyovujiwa kama sisi, ikauimba, hata wake za wakubwa.

Kisha mkubwa wako akakuita ofisini. Ulirudi, ukaketi kitandani bila kuvua buti. Hukunifokea. Ulisema tu, "Wewe unataka wanihamishe? Hawa watoto watasoma wapi?"

Nikawatazama wadogo zangu, nikaacha kuimba. Bendi ikafa. Tangu hapo mimi ni yule mama wa wimbo mmoja. Watu husema hivyo wakicheka, kana kwamba niliishiwa.

Sikuishiwa, Baba. Nilizibwa mdomo, nikakubali kwa sababu nilikupenda.

Sasa bendi moja ya vijana wa mtaa wa Luzira imenitafuta. Waliusikia kwa mama zao. Mchana kweupe, uwanjani nyuma ya baa, wakawasha magitaa, nikashika maiki, nimesimama kwa miguu yangu hii iliyovimba. Ubeti wa pili ukaniponyoka. Wanawake waliokaa mbele ndio walioumalizia. Baadaye mzee mmoja uliyefanya naye kazi akanishika mkono.

"Mama, hii wimbo, baba yako sajini alikuwa anaimba kila siku kwa zamu. Polepole, mtu asisikie."

Nililia, halafu nikakasirika. Miaka yote nilidhani unauonea aibu! Nilikupikia, nilikuuguza, nilikuzika, na hukutamka neno.

Kuniomba ninyamaze nimekusamehe. Ulikuwa na watoto watano na nyumba ya serikali. Kunificha kwamba uliupenda, hilo bado. Nipe muda.

Kesho narudi Katwe na vijana hao kurekodi wimbo wangu wa pili. Mwanangu ananiuliza, "Mama, kwa umri huu?" Kwa umri huu. Umo ndani yake, Baba, na cheo chako na woga wako, na safari hii siombi ruhusa ya mtu. Hata yako.

Pumzika, Sajini. Mimi bado niko zamu.

Bintiyo mkubwa