Namba moja, namba mbili

Papa Anselme,

Jibu la damu limefika. Limechelewa miezi mitano, na limenikuta mimi badala yako. Nisamehe, nimefungua bahasha yenye jina lako.

Kwanza habari za hapa. Mabomu yamenyamaza. Umeme wa bwawa la Tshopo unarudi ukitaka. Wale farasi wawili ambao mwenye shamba alituachia alipokimbia, Duchesse na Colonel, wangali hai. Wamekuwa wakila majani ya uwanja wa mpira, maana hakuna anayecheza tena. Watu wa mtaa wananiuliza, "Tonton, ile nyama yote iko inangojea nini?" Ninawajibu kwamba ni nyama ya serikali. Serikali gani, hakuna anayethubutu kuuliza.

Unakumbuka siku ile ya kutoa damu? Farasi wote wawili walikuwa wanaumwa tumbo, wanageuza shingo kutazama ubavu, na sisi tulikuwa na bomba moja tu la dawa ya tegu. Nikasema tuigawe. Ukanifokea: "Nusu iko ya kusalimia tegu, haiko ya kumuua!" Mimi nilikuwa nimepekua kinyesi siku nne kwa mikroskopu bila kuona yai hata moja, nikajiona daktari kama wewe. Ukanieleza kwamba mayai ya tegu hayaonekani kila siku, lakini mwili wa farasi unamjua adui yake na unaweka askari ndani ya damu. Huko Ulaya wanaweza kuwapima hao askari, nasi tukajua nani apewe dawa. Nikasema, bon, kumbe hata farasi wamejaa askari.

Uliandika majina kwenye vichupa, kisha ukayafuta. Ulisema, askari wa barrière ya uwanja wa ndege wa Simi-Simi wakisoma kwamba damu ya Colonel inapanda ndege, hakuna atakayetaka kusikia habari ya farasi. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Ukaandika 1 na 2. Nikakuomba tuandike kwenye kaye, lile daftari letu, nani ni nani. Ukagonga kichwa chako: "Kaye iko hapa, mutoto yangu."

Siku tisa baadaye bomu likaangukia nyumba yako.

Karatasi inasema namba moja ana tegu, tena si kidogo. Namba mbili hana. Sasa, Papa, namba moja ni nani?

Nimewaza sana. Kila asubuhi ulimsalimu Duchesse kwanza, kwa hiyo labda ni yeye. Lakini siku ile Colonel ndiye aliyekuwa karibu na mlango. Mimi nilishika kamba. Mimi, ninayejua kila kinachopita Kisangani, nilikuwa nimefumba macho, kwa sababu naogopa sindano. Hilo sikukuambia kamwe.

Damu nyingine siwezi kutuma. Ndege ile haiji tena. Duchesse hajala tangu juzi, Colonel tangu jana. Nimesimama katikati yao na bomba mkononi, alors, wananitazama kama wewe ulivyokuwa unanitazama.

Walikuzika haraka pamoja na wengine, wakaweka namba kwenye mti wa kaburi lako. Mimi nilikuwepo, najua ni wewe. Jumapili nilikwenda na rangi nikaandika ANSELME. Herufi zimepinda, utanisamehe.

Kesho asubuhi nitampa mmoja dawa, na mwingine nitamwomba radhi. Sijui nani. Ninachoweza kukuahidi ni kwamba safari hii sitafumba macho.

Pumzika, Papa.

Faustin wako