Adabu ya Projestus

Buganguzi, Jumamosi jioni

Na bado wanamsifu! Risasi imepita karibu na sikio langu, imetoboa mgomba nyuma yangu, na kijiji kizima kinazungumzia adabu ya Projestus.

Leo sisi mgambo tulikuwa tunalenga shabaha bondeni. Kila mtu risasi tatu. Projestus alipiga mbili, zote katikati. Mimi zangu zote ziliishia kwenye udongo. Mara mwenyekiti wa kijiji akatokea nyuma yetu. Projestus, mtoto aliyelelewa, hawezi kumwamkia mzee akiwa amempa mgongo. Akageuka na bunduki yake mikononi, akainama na kumwamkia kwa Kihaya: "Shumalamu, waitu." Bunduki ikalia.

Sajini alimnyang'anya huku akifoka. Mwenyekiti akamtuliza: "Usimkaripie sana. Wengine hata kusalimia hawajui." Akanitazama mimi niliyekuwa nimelala kifudifudi kwenye majani.

Adelina, ambaye tangu msimu wa kahawa natafuta neno la kumwambia, alikuja mbio na kata ya maji. Akampa Projestus. "Pole jamani, umeshtuka!" Yeye ndiye ameshtuka! Mimi risasi imenikosa kwa unywele, hata tone la maji sikupewa.

Basi niandike na hili, maana sitamwambia mtu. Kabla hajageuka nilikiona kidole chake kwenye triga, na risasi ya tatu imo. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nikanyamaza, ili sajini amwone, amwaibishe mbele ya Adelina.